Shira ya Kimea na Amana ya Mwenye Mizani

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wenye maduka suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa. Wasema: Sisi twauza vyakula na vifaa vya waokaji mikate. Katika bidhaa zetu mna shira ya kimea cha shayiri, ile nzito yenye rangi ya asali, ambayo huja katika makopo na madumu. Waokaji huinunua, na wazazi huinunua kwa ajili ya watoto. Lakini wako pia wanaoinunua ili watengeneze bia majumbani mwao. Je, hapo sisi tuna dhambi gani? Hatuuzi bia, twauza shira. Mtu akenda nayo kwake akafanya alitakalo, hilo ni baina yake na Mola wake.

Twapenda kulijibu suala hili kwa urefu kidogo, kwa sababu halimhusu mwenye shira peke yake. Lamhusu muuza hamira na muuza sukari guru, lamhusu mwenye nyumba ya kukodisha na mwenye shamba la minazi. Kwa hakika lamhusu kila mtu ambaye riziki yake hupitia mkononi mwa mtu mwengine. Na suala lenyewe, likivuliwa nguo zake zote, ni hili: Je, uhalali wa kitu watosha kuwa uhalali wa kukiuza?

Kwanza yatupasa tukifahamu kitu chenyewe, kwani hukumu haiwezi kusimama juu ya kitu ambacho mwenye kuhukumu hakijui. Shayiri huroweshwa majini mpaka ikaanza kuchipua, kisha hukaushwa kwa joto ili isiendelee kuota. Hicho ndicho kimea, na wenzetu wa bara hufanya hivyo hivyo kwa wimbi. Punje inapochipua hupata nguvu ya kugeuza wanga wake kuwa sukari. Basi kimea husagwa, kikatiwa katika maji ya moto wa digrii 65 hadi 68, wala si maji yanayotokota, kwani mtokoto huiua nguvu ile. Kwa muda wa saa moja hivi wanga huwa sukari. Maji hayo matamu huchujwa, kisha hupunguzwa kwa moto na mashine mpaka yakabaki mazito kama shira ya kaimati. Katika kila sehemu 100 za shira hiyo, karibu 80 ni sukari na vitu vyengine vya nafaka, na 20 ni maji. Ikikaushwa zaidi huwa unga, na kilo 1 ya unga huo hufanya kazi ya kilo 1 na gramu 200 hivi za shira.

Mpaka hapo hamna hata tone moja la ulevi. Shira hii hutiwa katika mkate ili uumuke vyema na upate rangi na ladha. Imo katika vinywaji vya kopo kama Ovaltine, ambavyo wengi wetu tumelelewa navyo. Huko Uingereza watoto wa zamani walikuwa wakilishwa kijiko kimoja kimoja, ikiwa imechanganywa na mafuta ya ini la samaki, ili wapate nguvu.

Ulevi huzaliwa baadaye, katika chombo cha mnunuzi. Yeye huiyeyusha shira katika maji, akaichemsha pamoja na maua machungu yaitwayo hopsi, akaipoza, akatia hamira, kisha akaiwacha wiki moja au mbili. Hamira huila sukari, na katika kila gramu 100 za sukari inayoila, karibu nusu hugeuka ulevi na nusu hugeuka hewa. Mwenye kufanya haya hafanyi kwa kubahatisha, bali hupima. Akitia kilo 3 za shira akakamilisha lita 20, kipimo chake cha kioo kinachoelea majini, ambacho katika maji matupu husoma 1.000, hapo kitasoma 1.045. Kazi ikesha kitashuka mpaka kiasi cha 1.011, na tafauti ya hesabu hizo mbili humwambia kuwa amepata kinywaji chenye ulevi wa asilimia 4 na nusu. Kwa hivyo mtu huyu, kabla hajaonja hata funda moja, amekwisha kuandika katika karatasi kiasi cha ulevi anaoutaka. Hatuelezi haya ili mtu ajifunze. Twaeleza ili mwenye duka ajue ni nini anachokiona mbele yake, kwani kipimo ndicho kitakachokuwa shahidi wetu hapo mbele.

Ama hukumu ya kinywaji hicho, haina mjadala. Wako wasemao kuwa khamri iliyoharimishwa ni ya zabibu tu, na kwamba bia ni kitu kipya kilicholetwa na Wazungu. Hayo ni maneno ya mtu asiyesoma. Abu Musa Al-Ash'ari, alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji viwili vya watu wa huko, kimoja cha asali na kimoja cha shayiri kilichoitwa mizri. Mtume (S.A.W.) hakumuuliza kimetokana na nini, bali alimjibu kwa kanuni moja yenye kukusanya yote, ya kwamba kila chenye kulevya ni haramu. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi mizri ya Yemen ndiyo bia ya leo, jina tu limebadilika.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili. Wako wengine ambao wakisikia kuwa shira hutengenezewa bia, mara moja huiita haramu, wakamtazama muokaji kwa jicho baya na kumwaga kopo la watoto. Huu nao ni ujinga, ijapokuwa umevaa kilemba. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuviharimisha. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu kavu katika maji, akanywa siku ile na ya pili na mpaka jioni ya tatu, kisha kilichobaki humpa mwengine au humwagwa. Tazama jinsi utamu ule ule ulivyokuwa halali, na jinsi ulivyowekewa mpaka wa siku. Aidha aliwahi kukataza kurowekea katika vyombo fulani vilivyokuwa vikiharakisha uchachu, kisha baadaye akaviruhusu vyombo vyote, akabakisha katazo juu ya kilevi chenyewe. Kwa hivyo chombo si dhambi, na sukari si dhambi. Kama kila kinachoweza kutoa ulevi kingekuwa haramu, basi tende zingekuwa haramu, na sukari, na mnazi wenyewe ambao watupa tui na makuti na kumbi, na ambao pia hugemwa tembo.

Tumekwisha kukubali, basi, kuwa shira ni halali. Na hapa ndipo ndugu zetu wenye maduka husema: Alhamdulillahi, suala limekwisha. Sisi twasema ndio kwanza laanza.

Katika historia ya karibu, jambo hili hili la shira ya kimea lilipata kuonekana wazi kwa kiasi ambacho halijaonekana mahali pengine, nalo lilitokea Marekani. Katika mwaka wa 1919 nchi hiyo iliingiza katika Katiba yake Badiliko la 18, lililokataza kutengeneza na kuuza vileo, na sheria ikaanza kufanya kazi Januari 1920. Viwanda vikubwa vya bia vilivyokuwa na mashine na mabohari ya shayiri havikukubali kufa. Kampuni ya Anheuser-Busch ya St. Louis na ya Pabst ya Milwaukee, pamoja na nyenginezo, zikageuka kuuza shira ya kimea katika makopo. Shira haikukatazwa, kwani ni chakula. Ikauzwa katika maduka ya vyakula mchana kweupe, na ikatangazwa kuwa ni ya mikate na peremende.

Lakini wenye kampuni waliitia shira ile hopsi, ile dawa chungu ya bia. Ni mama gani apikaye biskuti za watoto wake kwa shira chungu? Maandiko ya kopo yalisema mkate, na ulimi ulisema bia, na muuzaji na mnunuzi wote wawili walijua ni yupi kati ya mashahidi hao asemaye kweli. Yakafunguka na maduka makhsusi ya shira, ambamo kando ya makopo palipangwa chupa na vizibo na mashine ndogo za kuzibia. Mwenye duka hakuuza bia hata siku moja. Aliuza kila kitu ila bia.

Katika mwaka wa 1930 Mahkama Kuu ya Marekani ililetewa kesi ya mfanya biashara aliyekamatiwa mapipa, chupa, vizibo, karatasi za kubandika na mfano wa hivyo. Alidai kuwa vitu vyake ni vitu vya kawaida, na kwamba kuuza chupa tupu si kutengeneza ulevi. Mahkama, kwa kalamu ya Jaji Oliver Wendell Holmes, haikumkubalia. Ilitazama namna alivyovionyesha vitu vile, ikaona kuwa vilipangwa kwa makusudi ya kuwavuta wale wanaotaka kuvitumia katika kazi iliyokatazwa. Basi hao ni makadhi wasiohukumu kwa Kitabu chetu, wala hawakusoma fiqhi yetu, lakini akili iliwafikisha pale pale, kwamba kitu kitupu hakimtakasi anayekiuza ikiwa njia ya kukiuza yatangaza nia. Mwaka wa 1933 Wamarekani wakaiondoa sheria yao. Hilo ni lao. Sisi tumechukua somo la makopo.

Ama wanazuoni wetu walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya makopo, katika mlango wa kuuza zabibu kwa mwenye kukamua khamri. Imam Abu Hanifa aliona kuwa hapana ubaya kuuza maji ya zabibu hata kwa anayejulikana kuwa atayageuza, kwa sababu maasi hayako katika maji yale bali huja baada ya kugeuka, na kugeuka ni kitendo cha mtu mwengine. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakuridhia kauli hiyo. Wanazuoni wa Hanbali wameyabatilisha mauzo hayo kabisa ikiwa muuzaji ajua. Ama sisi tulio katika madhehebu ya Shafi, Imam Nawawi ameyataja katika Minhaj miongoni mwa mauzo yaliyokatazwa, na wenye kuisherehesha wakafafanua kuwa akijua au akiwa na dhana yenye nguvu, ni haramu, na akiwa na shaka tu, ni makruhu. Mauzo yenyewe husihi, lakini muuzaji ameondoka na dhambi pamoja na thamani.

Twaiheshimu kauli ya Imam Abu Hanifa, wala hatumcheki mtu anayeifuata kwa elimu. Ndiyo kauli yenye nguvu zaidi anayoweza kuitegemea muuza shira. Lakini twamuomba azingatie jambo moja. Katika hadithi mashuhuri Mtume (S.A.W.) amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri, na wa kwanza wao ni mkamuaji. Sasa mkamuaji amefanya nini? Amekamua zabibu, na kilichotoka mkononi mwake ni maji matamu yasiyolevya, ambayo lau angeyanywa saa ile yangekuwa halali kwake na kwa mwanawe. Uchachu utakuja baada ya siku, naye pengine atakuwa kwake amelala. Mbona basi amelaaniwa? Hapana sababu ila moja, nayo ni kuwa amekamua kwa ajili ya khamri huku ajua. Mkono wake uligusa kitu cha halali, na moyo wake uligusa kitu cha haramu, na hesabu ikafuata moyo. Mkamuaji wa zabibu na mtengenezaji wa shira wana kazi moja, na muuzaji ametajwa katika hadithi hiyo hiyo.

Hapa muuza duka atatwambia: Mimi si mkamuaji. Mimi sijui nia ya mtu, nia iko moyoni, na moyo haujui ila Mungu. Maneno haya ni ya kweli katika ulimi wa anayeyasema kwa ukweli, na ni pazia katika ulimi wa anayeyasema ili asione. Kwani nia ikiwa moyoni haionekani, lakini ikitoka ikafika juu ya mizani, huonekana. Muokaji mikate hutia shira kilo 1 au 2 tu katika unga wa kilo 100. Mtu asiye na tanuri, anayekuja kila baada ya wiki mbili kuchukua kilo 3, akaomba na hopsi, akaomba na hamira ya bia, akauliza bei ya vizibo, huyo hakubakisha siri. Mizani imekwisha kutoa ushahidi, na kadhi ni dhamiri ya mwenye duka.

Lakini tutahadhari. Kiasi peke yake si ushahidi. Mwenye kiwanda cha mikate huchukua dumu zima, na mtu wa nyumba kubwa yamkini akachukua makopo mawili. Na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Hujurat dhana mbaya na upelelezi. Kwa hivyo hatumwambii mwenye duka amsaili kila mnunuzi, wala amfuate nyumbani, wala amkatae mtu kwa jina lake au kabila lake au msalaba alioufunga shingoni. Mtu wa namna hiyo atakuwa ameikimbia dhambi moja akaangukia tatu. Tunachosema ni kwamba aliyefunuliwa jambo bila ya kulipeleleza asijifanye hakulifunuliwa.

Kwa hivyo twaona kuwa mambo yagawanyika katika mafungu matatu, na mwenye duka aweza kuyapima mwenyewe. La kwanza ni kitu kisichokuwa na kazi nyengine inayojulikana kwa wanunuzi wake, kama shira iliyokwisha kutiwa hopsi, iliyochorwa bilauri ya bia juu ya kopo. Hiki kisiwekwe dukani, kwani kukiagiza tu ni kusema nia. La pili ni kitu chenye kazi nyingi, naye mnunuzi amekwisha kubainisha kazi yake kwa ulimi au kwa vitu alivyoviomba pamoja nacho. Huyu asiuziwe. La tatu ni kitu hicho hicho, naye mnunuzi hakudhihirisha chochote. Huyu auziwe kwa moyo mkunjufu, na atakalofanya baadaye ni mzigo wake.

Na katika fungu la pili liko jambo ambalo wengi hulipuuza. Mnunuzi huuliza: Je, kwa lita 20 nichukue kilo ngapi? Na mwenye duka, kwa ukarimu wa biashara, hutoa kalamu akamfanyia hesabu, akamwambia ukipunguza itakuwa nyepesi na ukizidisha itakuwa kali. Huyu hakuuza shira tu. Amempimia mlevi kiasi cha ulevi wake. Amekuwa mkono wa pili katika chungu kile, ijapokuwa hatakaribia kukionja. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Maida tusaidiane katika wema na ucha-Mungu, na akatukataza kusaidiana katika dhambi. Na msaada si mali tu. Hata elimu ya hesabu ni msaada.

Tumesikia na hoja nyengine, kwamba wengi wa wanunuzi hao si Waislamu, na dini zao na sheria ya nchi haziwakatazi. Mji wetu ni mji wa watu wengi, na kila mmoja ana haki ya kuishi kwa amani na jirani yake. Hatutaki mwenye duka amkemee jirani, wala amtolee waadhi ambao hakuuomba, wala amdharau mbele ya watu. Lakini adabu ni jambo moja na biashara ni jambo jengine. Katika madhehebu yetu haramu haigeuki kuwa halali kwa muuzaji kwa sababu ya dini ya mnunuzi. Amwambie kwa upole: Bwana, kitu hiki kwangu si cha biashara kwa kazi hiyo, uniwie radhi. Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima, na yamkini yakamzidishia heshima yule aliyeyasema.

Na pale anapouza, auze kwa haki. Shira ni kitu cha hila. Ni nzito, hata lita 1 hupita kilo 1 na gramu 400, kwa hivyo anayeuza kwa kibaba leo na kwa kilo kesho aweza kumpoteza mnunuzi bila ya kusema uwongo hata neno moja. Hunata chomboni, na kilichonata kimelipiwa na mnunuzi lakini kimebaki kwa muuzaji. Yachanganyika na shira ya sukari ya rahisi bila ya kujulikana kwa jicho. Kila mmoja wetu aijua Sura ya Al-Mutaffifin na onyo lake kwa wanaojaza wanapopokea na kupunguza wanapotoa, na ajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini yake, akamkana mwenye kughushi. Wako watu wanaodhani kuwa kumpunja mtengeneza bia si dhambi, maana yeye mwenyewe ni muasi. La. Mali ya muasi ni amana kama mali ya mchamungu. Kama hutaki kumuuzia, usimuuzie. Ukimuuzia, mpimie. Haiwi mtu akauza dhambi, kisha akajitakasa kwa kuiba.

Mwisho iko hoja ya tumbo, nayo ndiyo iliyo chini ya hoja zote. Mwenye duka asema: Nikimkataa, atavuka barabara akanunue kwa jirani. Bia itatengenezwa vile vile, nami nitakuwa nimepoteza mteja na kodi ya duka yaningojea. Hatuidharau hoja hii, kwani aisemaye ana watoto. Lakini aangalie imejengwa juu ya nini. Yasema kuwa dhambi ikiwa itatendeka hata hivyo, basi faida yake ni halali kwa atakayewahi. Kwa kanuni hii muuza sumu ana udhuru. Mwezi wa Mei 2014, katika Embu na Kiambu na kwengineko katika nchi yetu, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli, dawa ya viwandani. Methanoli nayo ina kazi zake za halali, ya rangi na ya gundi. Yuko mtu fulani katika mlolongo ule aliyeipima akaitia dumuni, akapokea fedha. Kama alijua iendako, je, tungekubali aseme: Mimi niliuza dawa ya rangi, nisingeuza mimi angeuza mwengine? Hakuna hata mmoja wetu angemkubalia. Tafauti baina yake na muuza shira ni ya ukubwa wa madhara, wala si ya hoja. Hoja ni ile ile. Sisi hatukukalifishwa kuizuia bia yote isitengenezwe ulimwenguni. Tumekalifishwa mikono yetu miwili.

Na kabla hatujamuona muuza shira kuwa ndiye peke yake mwenye kuulizwa, natutazame mashamba yetu. Ni wangapi katika pwani hii, watu wa safu ya mbele msikitini, ambao minazi yao imekodishwa kwa mgema? Wao hawapandi mnazi, hawagemi, hawanywi. Hupokea fedha tu mwisho wa mwezi, wakasema: Sisi tumekodisha miti. Lakini mti uliokodishwa kwa mgema haukukodishwa kwa ajili ya nazi, kwani kole lililogemwa halizai. Mkodishaji ajua, na bei yenyewe yajua. Basi asimcheke mwenye duka. Wote wawili wamesimama mbele ya suala moja, na mwenye shamba ana udhuru mdogo zaidi, kwa kuwa mwenye duka aweza kusema mnunuzi alimficha, hali mtungi wa mgema waning'inia juu ya mti wake, waonekana na kila apitaye njiani.

Basi jawabu yetu kwa ndugu zetu ni hii. Uzeni shira, wala msiione haya, kwani ni riziki njema. Muuzieni muokaji na mzazi na kila ambaye hakuwafunulia jambo. Msiiagize ile iliyotiwa hopsi. Aliyewafunulia nia yake, mrudisheni kwa upole, na msimfanyie hesabu. Pimeni kwa haki mnapopima. Na khasara itakayowapata katika hilo iandikeni katika daftari jengine, lisilokaguliwa na watoza kodi. Uhalali wa kitu ni nusu ya uhalali wa kukiuza, na nusu ya pili ni kile akijuacho muuzaji wakati anapotia jiwe katika mizani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke, na atutosheleze kwa halali Yake. Wallahu aalam.